Geko wa mwanangu anataka funza wa nta tu, nimlishe nini?

MamaMutua, Leicester

Hamjambo wapendwa. Naomba ushauri kwa anayejua, na wenye kucheka wacheke kwanza wamalize.

Mwanangu amepewa mjusi. Hakuingia nyumbani kwa bahati mbaya, la, amepewa, pamoja na nyumba yake ya kioo, taa yake na pango la plastiki la kulalia. Jirani alikuwa anahama na huko aendako hawaruhusu wanyama. Ni geko chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mnene. Mtoto amemwita Chapo. Mimi nimelelewa Mwingi, mjusi kafiri alikaa nyuma ya saa ya ukutani na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama amekula. Leo natoka kazini asubuhi swali la kwanza mlangoni ni, "Mum, Chapo hajakula."

Jirani alituachia kikopo cha funza weupe wanene, wanaitwa funza wa nta. Hao Chapo anawataka kweli. Akisikia kifuniko kinafunguliwa anatoka pangoni mbio. Kikopo kimeisha, nikaenda duka la wanyama, na jamani, nimekuta wanauza nzige! Wale wale tuliowafukuza shambani 2020 kwa kupiga masufuria na madebe, huku wamepangwa kwenye vikopo kwa saizi, pauni tatu na ushee. Sikuweza. Nikachukua nyenje. Kijana wa dukani akaniambia nimpe chochote, hawa hawachagui. Chapo aliwatazama, akageuka, akarudi kulala. Asubuhi nyenje wawili walikuwa wamemkalia mgongoni.

Nimemwekea ndizi, hakuna. Tofaa lililokunwa, hakuna. Sukuma wiki amekanyaga akapita. Baba Mutua anasema tumpe nyama ya kusaga. Mama yangu kwa simu anasema tumwachilie nje akajitafutie, na nje ni digrii nne.

Sasa je, nimnunulie tu hao funza maana ndio anaowataka? Mboga na matunda anakula kweli ama nahangaika bure? Kuna unga mweupe wa kalsiamu dukani, ni wa lazima ama ni biashara ya watu? Na nikiokota wadudu bustanini nyuma ya nyumba nimpe? Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hivyo nataka mpango ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kuufuata mimi nikiwa nimelala.

Mtoto wa Likoni

Pole mama. Huku kwetu wanakula mbu na kumbikumbi kwenye taa ya baraza, bure kabisa. Zima taa za ndani, washa moja, fungua dirisha, ajihudumie mwenyewe. Na ukoko wa wali pia nishawaona wakiulamba.

Dereva wa Uluguru, Birmingham

Dada, dirisha lifunge. Ndugu yetu wa Likoni anamzungumzia mjusi kafiri wa ukutani, na Chapo siye. Mtazame usoni: ana kope, akilala anafumba macho. Mjusi kafiri hana kope, jicho lake analisafisha kwa ulimi. Vidole vya Chapo navyo havishiki kioo wala dari, ni vya kutembelea mawe. Asili yake ni sehemu kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Huko anatoka jua likizama, anakamata chochote kinachotambaa mbele yake. Majani hali. Matunda hali. Nyama ya kusaga mwambie shemeji aikaange aile yeye.

Wapo geko wanaokula matunda. Yule wa kishungi anayetoka Kaledonia Mpya analishwa unga maalumu wenye matunda unaokorogwa na maji, na wadudu kidogo juu yake. Ndiyo maana ukitafuta mtandaoni unachanganyikiwa, mtu anaandika "geko wangu anapenda papai" bila kusema ni geko yupi. Wa kwako ni wadudu mwanzo mwisho, tena walio hai, kwa sababu kisichojongea mara nyingi hata hakioni kuwa ni chakula.

Ila kabla hatujafika kwenye chakula nina swali. Ndani ya lile pango, sakafuni, kuna digrii ngapi? Usiniambie "kuna taa". Mimi naendesha basi mji huu, nyumbani nina geko wanne, na kila wiki kuna mtu ananipigia simu kwamba mjusi wake amegoma kula. Nikienda, nusu yao nakuta shida ni joto. Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe. Upande mmoja wa sakafu uwe kama 31 hadi 33, upande wa pili ushuke hadi 24 hivi, yeye achague pa kukaa. Asipopata sehemu ya moto tumbo halisagi, na mwili unajua, kwa hiyo anakataa kula. Funza wa nta anamkubali kwa sababu ni laini na mtamu. Nunua kipimajoto chenye waya, ile ncha iguse sakafu palepale anapolala. Kile cha kubandika kiooni kinapima hewa tu.

Sasa hao funza. Karibu robo ya uzito wao ni mafuta. Ukimpa mmoja kwa wiki hana neno, tena akitoka kuumwa wanamrudishia nguvu. Wakiwa ndio mlo, mjusi ananenepa hadi kwapani panatokea vifuko, na kalsiamu hapati. Kwa hiyo usinunue kikopo kingine kwa sasa. Mtoto atalia, Chapo atagoma, vumilieni wote. Geko mzima mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki na zaidi bila kula na asidhurike, akiba yake ya mafuta iko mkiani. Mpimeni kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili, Mutua aandike kwenye daftari. Wakubwa wengi wako kati ya gramu 50 na 80. Uzito ukiteremka wiki baada ya wiki, au mkia ukaanza kuwa mwembamba, hapo ni kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Usingoje.

Kumzoesha nyenje fanyeni hivi. Jioni, taa zimefifia, mchukue nyenje mmoja, umng'oe ile miguu mirefu ya nyuma asiruke (najua, lakini ndivyo ilivyo), mshike kwa kibano chenye ncha butu, mtikise taratibu mbele kidogo ya pua ya Chapo. Usimsukumie mdomoni. Mtazame mkia. Akipendezwa, ile ncha ya mkia itaanza kutetemeka haraka haraka huku mwili mzima umetulia tuli, kichwa kinashuka kidogo, anakaza macho. Hapo usipumue. Atamrukia. Akigeuka, ondoa, jaribu kesho. Na usiku kisibaki kitu ndani: nyenje mwenye njaa anamtafuna mjusi aliyelala, vidole na kope. Wale wawili waliokaa mgongoni hawakuwa wageni wema.

Saizi: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya Chapo. Akizidi hapo anaweza kumkwama au kutapikwa. Kama ni mkubwa wa zaidi ya mwaka, wadudu watano hadi saba, siku moja anakula, siku mbili anapumzika. Mdogo anakula kila siku.

Na nzige, dada, wape nafasi. Wana nyama nzuri, hawanuki, hawapigi kelele usiku. Najua mlivyoumia 2020, lakini sasa ni zamu yao kuliwa.

MamaMutua

😂😂 Zamu yao kuliwa! Hiyo nimemsomea Baba Mutua.

Kaka, asante sana. Kipimajoto nimenunua jana. Pangoni ni 23! Tukafuatilia waya, kumbe ule mkeka wa joto jirani aliuunganisha kwenye soketi moja na taa, yenye saa ya kuzima yenyewe. Saa mbili usiku taa ikizima na mkeka unazima, yaani wakati ambao yeye ndio anaamka. Baba Mutua ameutenganisha na kuweka themostati. Leo asubuhi ni 31.

Bado sijajibiwa kuhusu unga na bustani. Na Mutua ameona YouTube kijusi kidogo cha bluu, bluu ya kuwaka, wanasema ni cha Tanzania, sasa anataka "rafiki wa Chapo". Kaka wa Uluguru wewe ni wa huko, hebu niambie nimjibu nini.

Nyakato, Houston

Naingia kwenye bustani kabla hamjamuua mnyama wa watu.

Usiokote. Huwezi kujua jirani wa upande wa pili amenyunyizia nini kwenye nyasi zake, na mdudu aliyekunywa sumu kidogo anatembea vizuri tu mpaka aliwe. Wengine wanabeba minyoo. Huku Texas kuna hatari nyingine, vimulimuli. Kimulimuli mmoja anatosha kumuua mjusi, ana sumu ya kushambulia moyo, na imeshawatokea wafugaji wa wale mijusi wenye ndevu wa Australia. Watoto wanawaona wanang'aa, wanadhani ni zawadi. Viwavi unaowatoa kwenye miche ya nyanya nao acha, wamekula majani yenye sumu. Wale wa kijani wanaouzwa dukani wanafanana nao lakini wamelelewa kwa chakula maalumu, hao hawana shida, na wana maji mengi, mazuri kwa mjusi aliyekaukiwa.

Kwenye nyenje simkubalii Dereva. Nyenje wananuka, wanakufa ovyo, mmoja akikutoroka anakuimbia nyuma ya friji wiki nzima. Mimi natumia mende wa dubia. Tulia mama, usikimbie! Hawa si wale wa jikoni. Hawapandi kioo wala plastiki laini, wanapenda joto kali ili wazaliane, nyumba ya kawaida hawaiwezi. Hawapigi kelele. Chukua boksi la plastiki refu, trei za mayai zisimame wima ndani, karoti ya kuwapa maji, basi. Mimi Mhaya, nimekua nakula senene, na bado mume wangu haelewi kwa nini kabatini kuna mende wenye ratiba ya chakula.

Halafu tafuta mabuu ya wale nzi weusi ambao huko kwenu Kenya wanafugwa siku hizi kulishia kuku na samaki. Dukani huwa na jina la biashara, muulize muuzaji. Karibu wadudu wote wa kulishia mijusi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, hawa ni kinyume. Ni wadogo, wanajinyonganyonga, mtoto hawaogopi. Chapo akiwakubali kazi yako imepungua nusu.

Mabuu ya mbawakawa, yale ya njano yenye gamba, mpe mara moja moja. Ni rahisi kuyatunza kwenye friji ila gamba ni gumu na kalsiamu hakuna.

Dereva wa Uluguru, Birmingham

Dada Nyakato, hiyo ya nyenje kuimba nyuma ya friji nimekubali. Mende bado mke wangu hajaidhinisha.

Unga si biashara, Mama Mutua. Mjusi anahitaji kalsiamu ipite fosforasi, kama moja na nusu hadi mbili kwa moja. Nyenje kiasili ni kinyume kabisa, fosforasi imeizidi kalsiamu mara kadhaa. Akila nyenje watupu miezi, mwili unaanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linakuwa laini kama mpira, miguu inapinda matege, anatetemeka, mwisho hawezi kuinua tumbo akitembea. Nimewashika wa hivyo mkononi. Ukiwahi, daktari anaweza kuzuia isiendelee, lakini mfupa uliopinda haunyooki.

Kuna aina mbili. Moja ni kalsiamu tupu, hiyo ndiyo ya milo mingi. Nyingine ina vitamini D3, ambayo bila hiyo kalsiamu haifyonzwi vizuri. Huyu ni wa jioni na yuko ndani ya nyumba ya Kiingereza, jua halioni. Kama ile taa yenu ni ya UVB, yaani yenye miale kama ya jua, anajitengenezea D3 mwenyewe, ya unga inatosha mara chache. Kama ni taa ya kawaida tu, D3 iingie mara nyingi zaidi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Usizidishe ukidhani unamtendea wema, D3 haitoki kwa mkojo, inajikusanya mwilini. Soma maandishi kwenye taa, niandikie hapa, nitakwambia.

Kupaka ni kazi ya Mutua. Nyenje watano ndani ya mfuko wa plastiki, ncha ya kijiko ya unga, funga, tikisa mara mbili tatu, watoke kama donge la chapati lililogaragazwa kwenye unga. Wapelekwe papo hapo, wakikaa dakika chache wanajisafisha na unga wote unaanguka.

Lakini unga peke yake hautoshi, na hapa ndipo maduka hayasemi. Nyenje wa dukani ametoka kwenye kopo lenye kipande cha karatasi na pengine hajala tangu asafirishwe. Ukimpa hivyo umempa Chapo ganda na maji. Mlishe nyenje kwanza, siku moja au mbili kabla. Na wewe Mama Mutua una bahati, maana jikoni kwako sukuma wiki haikosi. Yale makonyo unayotupa, yakatekate, watupie. Sukuma ina kalsiamu nyingi, na asidi ya oksaliki, ile inayoifunga kalsiamu isifyonzwe, ni kidogo. Spinachi na mchicha usiwape, hizo zinayo tele, kalsiamu inapita tu. Ongeza karoti au kiazi kitamu kwa vitamini A. Kwa hiyo ile sukuma aliyoikanyaga Chapo ataila, ila ikiwa tumboni mwa nyenje.

Na kijusi cha bluu. Huyo ni wa nyumbani kabisa, Lygodactylus williamsi, anaishi msitu wa Kimboza na vipande vya misitu vya karibu, Morogoro, chini ya Uluguru. Duniani kote ni hapo tu. Dume ndiye mwenye bluu hiyo, jike ni wa kijani au hudhurungi. Anakaa kwenye miti jamii ya mkadi, katikati ya yale majani marefu yenye miiba ambako maji hutuama. Nimekua si mbali na hapo. Watu walikuja wakinunua mijusi, vijana wakaangusha mikadi ili wawafikie walio juu, kwa hiyo mjusi anaondoka na nyumba yake inaondoka. Walitoka kwa maelfu kwenda Ulaya, Marekani na Japani. Sasa wako kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini.

Wapo wanaozaliwa kwa wafugaji huko Ulaya, na hapa Uingereza muuzaji lazima akuonyeshe cheti chake. Asiye na cheti mpite. Ila mwambie Mutua hawezi kuwa rafiki wa Chapo. Ana urefu wa kidole, Chapo atamla. Na mlo wake ni tofauti, anataka nzi wa matunda, vitoto vya nyenje vilivyototolewa juzi, na kitu kitamu cha kulamba. Huyo ni wa mtu aliyezoea. Kwanza Chapo mwenyewe anaweza kuishi miaka kumi na tano hadi ishirini. Mutua akienda chuo, mjusi unabaki naye wewe.

MamaMutua

Ishirini?? Jirani hakusema hivyo.

Taa ni ya kawaida, haina maandishi ya UVB, kwa hivyo nimechukua kopo zote mbili. Mende hapana, Nyakato dada yangu, samahani, nimetoka mbali mno na mende. Lakini yale mabuu ya nzi weusi nimepata, na nzige wadogo kopo moja, nimefumba macho nikalipa.

Jana jioni Mutua alishika nzige kwa kibano, Baba Mutua anashika simu arekodi. Mkia ulitetemeka kama kaka alivyosema. Alikosa mara ya kwanza akauma kibano, ya pili akapata. Amekula wawili akaacha. Mabuu hajayagusa. Uzito ni gramu 74, Baba Mutua anasema huyo ndiye mnene kuliko wote hapa nyumbani.

Moja la mwisho. Bakuli la maji na la chakula naosha na vyombo vingine ama? Nina katoto ka mwaka mmoja na nusu pia.

Nyakato, Houston

Usioshe jikoni kabisa. Mijusi hubeba salmonela bila kuumwa, na kwa mtoto chini ya miaka mitano si mchezo. Weka beseni lake dogo na sponji yake, osha bafuni au kwenye sinki la nje, kisha pasuguliwe kwa dawa. Mutua anawe kwa sabuni kila akimaliza, hata kama ameshika nzige tu. Na ile mizani ya jikoni aliyosema Dereva, nunua nyingine ya bei rahisi, iandikwe CHAPO kwa kalamu nene. Katoto kaangalie kupitia kioo kwa sasa.

Dereva wa Uluguru, Birmingham

Hapo kwenye mizani Nyakato yuko sahihi, sikuwa nimejua kuna mtoto mdogo. Mabuu yamwagie kwenye kisahani chenye kingo laini saa mbili usiku, uyaache nusu saa, kisha uondoe. Wengine huyakubali baada ya wiki mbili tatu. Gramu 74 si mbaya, siku mbili za kupumzika zibaki mbili, hata akitoka kukutazama usoni.